Nyumba za kupangisha: Hesabu ya mkopo ambayo wafanyabiashara wa mpakani huiruka

Katika miji ya mpakani ya Afrika Mashariki, kuanzia Namanga hadi Busia, Malaba, Mutukula na Tunduma, mfanyabiashara anayepata msimu mzuri huwa na wazo moja. Hununua kiwanja, hushusha mawe na mchanga, na baada ya muda safu ya vyumba vya kupangisha husimama nyuma ya barabara ya malori.

Wazo lenyewe si baya. Biashara ya mahindi, vitunguu, mitumba au usafirishaji ina siku za neema na siku za ukame, na nyumba hutazamwa kama mahali salama pa kuweka jasho la miaka mingi. Tatizo huanza pale nyumba hiyo inapojengwa kwa mkopo, na hasa mkopo uliochukuliwa kwa dhamana ya lori au duka linalolisha familia.

Wengi hufanya hesabu ya mistari miwili tu: pango litakaloingia kwa mwezi na marejesho ya benki kwa mwezi. Mstari wa kwanza ukiwa mkubwa kuliko wa pili, saini inawekwa. Makala haya yanaeleza mistari iliyosahaulika, na kwa nini nyumba yenye faida kwenye daftari inaweza kumfilisi mwenye nayo.

Mfano wa vyumba kumi na viwili

Chukulia msafirishaji mwenye lori moja, anayeishi Namanga upande wa Kenya. Tayari ana kiwanja. Anataka kujenga vyumba 12 vya kujitegemea, kila kimoja na choo na bafu yake, kwa gharama ya Sh6.5 milioni za Kenya. Ana Sh2.5 milioni mkononi. Zilizobaki, Sh4 milioni, anakopa benki kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, inayohesabiwa juu ya deni lililobaki, kwa miaka saba. Takwimu hizi ni za mfano, lakini kila mtu anaweza kuweka zake mahali pake.

Marejesho ya mkopo huo ni takriban Sh79,450 kila mwezi. Kila chumba kinapangishwa kwa Sh8,500, hivyo vyumba vyote vikijaa pango ni Sh102,000. Kwa hesabu ya mistari miwili, anabaki na Sh22,550 kila mwezi, na baada ya miaka saba nyumba ni yake. Nani angekataa?

Sasa hesabu kamili. Katika vyumba 12, ni nadra vyote kuwa na watu wanaolipa kwa wakati. Mmoja amehamishwa kikazi, mwingine ameondoka usiku na deni la miezi miwili, chumba kingine kinapakwa rangi kabla ya mpangaji mpya kuingia. Tuseme kwa wastani wa mwaka vyumba viwili havileti kitu. Mambo yanakuwa hivi:

Pango linaloingia kweli, vyumba 10: Sh85,000
Kodi ya serikali, asilimia 7.5 ya pango: Sh6,375
Mlinzi, maji, taa za nje na taka: Sh9,000
Akiba ya matengenezo: Sh6,000
Bima na malipo ya kaunti: Sh2,500
Kinachobaki kabla ya benki: Sh61,125
Marejesho ya benki: Sh79,450
Pengo la kila mwezi: Sh18,325

Kwa mwaka, pengo hilo ni Sh219,900. Fedha hizo hazitoki kwenye nyumba. Zinatoka kwenye lori: kwenye fungu la matairi, kwenye mafuta ya safari ijayo, kwenye mshahara wa dereva. Mwenye nyumba huanza kuilisha nyumba badala ya nyumba kumlisha yeye.

Faida na fedha mkononi ni vitu viwili

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa sababu mhasibu anaweza kuwaambia kwamba nyumba hiyo hiyo inaleta faida, na akawa anasema kweli.

Marejesho ya Sh79,450 yana sehemu mbili. Mwezi wa kwanza, Sh53,333 ni riba na zilizobaki, kama Sh26,117, zinapunguza deni lenyewe. Katika mwaka wa kwanza, riba inafika takriban Sh616,000. Nyumba nayo inabakiza Sh733,500 baada ya gharama. Ukitoa riba, inabaki faida ya kama Sh117,500. Daftari linaonyesha faida.

Lakini benki haidai riba pekee. Katika mwaka huo inadai pia kama Sh337,400 za kupunguza deni. Fedha hizo hazijapotea, kwa kuwa zinaongeza sehemu ya nyumba iliyo mali ya mkopaji. Hata hivyo, zinatakiwa taslimu, tena kwa tarehe maalumu. Aliyekosa fedha taslimu tarehe hiyo hawezi kulipa kwa kipande cha ukuta.

Ndiyo maana wachumi hutofautisha faida na mzunguko wa fedha. Biashara inaweza kuishi kwa muda bila faida, lakini haiwezi kuishi bila fedha za kulipa deni linaloiva leo. Hoja kwamba thamani ya kiwanja inapanda kila mwaka ni ya kweli katika miji mingi, lakini ongezeko hilo hupatikana siku ya kuuza tu. Halilipi rejesho la mwezi huu.

Riba kubwa kuliko pato la nyumba

Kuna kipimo rahisi kinachoonyesha tatizo mapema. Gawa kinachobaki kwa mwaka, Sh733,500, kwa gharama yote ya ujenzi, Sh6.5 milioni. Jibu ni asilimia 11.3. Hilo ndilo pato la nyumba kabla ya mkopo.

Mkopo wenyewe unagharimu asilimia 16. Kwa maneno mengine, kila shilingi iliyokopwa inaletewa senti 11 na nyumba, nayo inaidaiwa senti 16 na benki. Tofauti inalipwa na shilingi za mwenye nyumba mwenyewe. Katika hali hiyo, kukopa zaidi kunapunguza faida yake badala ya kuiongeza.

Ushauri unaotolewa kwenye vitabu vya nchi zenye riba ya asilimia nne au tano, kwamba mtu atumie fedha za benki kujenga utajiri wa nyumba, hauwezi kuhamishwa kama ulivyo hadi Namanga au Tunduma. Huko riba iko chini ya pato la nyumba. Kwetu mara nyingi ni kinyume.

Lipo pia suala la mtaji uliotolewa kwenye biashara. Zile Sh2.5 milioni, kama zingenunua bidhaa na kuzungushwa mara nane kwa mwaka kwa faida ya asilimia 3 kila mzunguko, zingeleta Sh600,000. Zikiwa ndani ya ukuta, zimeleta Sh117,500 za kwenye daftari na pengo la Sh219,900 mfukoni. Ni kweli kwamba biashara ina hatari ambazo nyumba haina. Lakini mfanyabiashara anapaswa kujua anachokiacha kabla ya kukiacha.

Riba hubadilika, dola nayo hubadilika

Mikopo mingi ya muda mrefu katika ukanda huu ina riba inayoweza kubadilishwa. Februari 2024, Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13, na ilianza kuishusha Agosti mwaka huo. Waliokuwa na mikopo waliona marejesho yao yakiongezeka bila wao kukopa shilingi ya ziada. Katika mfano wetu, riba ikitoka asilimia 16 hadi 19, rejesho linapanda kutoka Sh79,450 hadi kama Sh86,430, na pengo la mwezi linapita Sh25,000.

Wasafirishaji wana hatari nyingine. Wengi hulipwa nauli ya mizigo ya masafa marefu kwa dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu Sh160 za Kenya. Kufikia mwishoni mwa mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh130. Aliyehitaji dola 497 kulipa rejesho la Sh79,450 sasa alihitaji dola 611. Deni halikubadilika, ila kipato chake kilipungua nguvu.

Kwa upande wa Tanzania, kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kutoza na kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Mwenye nyumba aliyezoea kuandika mkataba wa pango kwa dola ili ajikinge na kushuka kwa shilingi hana tena njia hiyo. Busara iliyobaki ni kukopa kwa sarafu ile ile ambayo pango linalipwa.

Tahadhari na aina ya mkopo

Kosa la kwanza ni kutumia mkopo wa muda mfupi kujengea nyumba. Mfanyabiashara ana fungu la benki la kununulia mzigo, linalopaswa kurudi ndani ya miezi michache. Analichota, anamaliza msingi na kuta, akitarajia kulijazia baadaye. Fungu linaiva wakati nyumba haina hata paa. Hapo hukosa mzigo na hukosa wapangaji kwa wakati mmoja. Fedha za miezi sita hununua bidhaa za miezi sita. Nyumba hutaka fedha za miaka.

Kosa la pili ni kulinganisha riba bila kuuliza inahesabiwaje. Mkopeshaji mmoja anataja asilimia 16 juu ya deni lililobaki, mwingine anataja asilimia 10 juu ya mkopo wote hadi siku ya mwisho. Wa pili anaonekana nafuu. Lakini asilimia 10 ya Sh4 milioni kwa miaka saba ni Sh2.8 milioni. Ukijumlisha na mkopo na kugawa kwa miezi 84, rejesho ni kama Sh80,950, kubwa kuliko la asilimia 16. Swali la kuuliza si riba ni ngapi, bali ni kiasi gani kitalipwa kila mwezi, kwa miezi mingapi, pamoja na ada zote.

Kosa la tatu ni kusahau miezi ya ujenzi. Mkopo ukitolewa wote kwa mkupuo, riba yake ni Sh53,333 kwa mwezi hata kama hakuna mpangaji. Ujenzi wa miezi sita unakula Sh320,000 kabla ya shilingi ya kwanza ya pango kuingia. Ni afadhali kukubaliana na benki itoe fedha kwa awamu kadiri ujenzi unavyopanda, ili riba ihesabiwe kwa kile kilichochukuliwa tu.

Kosa la nne ndilo baya kuliko yote: kuweka hati ya kiwanja na kadi ya lori katika dhamana moja. Nyumba ikishindwa kujilipa, benki haina sababu ya kusubiri nyumba iuzwe wakati lori linauzika haraka. Likishauzwa, chanzo cha kuziba pengo kimekwisha, na nyumba hufuata. Mkopaji anayeweza kuitenga dhamana ya nyumba na ya biashara afanye hivyo, hata kwa kukubali mkopo mdogo zaidi.

Benki zimekuwa zikipata fedha za muda mrefu kupitia taasisi kama TMRC ya Tanzania, iliyoanzishwa 2010, na KMRC ya Kenya, iliyoanzishwa 2018, lakini lengo kubwa la fedha hizo ni mikopo ya makazi. Anayejenga vyumba vya biashara asidhani kwamba atapata masharti hayo. Vyama vya akiba na mikopo mara nyingi hutoza nafuu kuliko benki, lakini wadhamini ni wanachama wenzake, na pengo lake huwa deni lao.

Mpaka ukifungwa, wapangaji huondoka

Nyumba ya mpakani ina hatari ambayo nyumba ya Arusha au Nakuru haina. Wapangaji wake ni mawakala wa forodha, wabadilisha fedha, makuli, madereva na wauza chakula, na wote wanategemea geti moja.

Mwishoni mwa Februari 2019, Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna unaopakana na Katuna ya Uganda. Malori ya mizigo yalielekezwa kwingine, na mpaka huo ulifunguliwa tena 31 Januari 2022. Ni karibu miaka mitatu. Hakuna mkopo wa nyumba unaosimama kwa miaka mitatu kusubiri wanasiasa waelewane. Na ndani ya kipindi hicho hicho, mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulizuia watu kuvuka mipaka katika ukanda mzima.

Hata habari njema kwa wasafirishaji zinaweza kuwa mbaya kwa mwenye vyumba. Kituo cha huduma kwa pamoja cha Namanga kilizinduliwa rasmi Desemba 2018, na cha Tunduma na Nakonde Oktoba 2019, kwa lengo la kupunguza muda wa lori kukaa mpakani. Dereva anayevuka siku hiyo hiyo halali gesti. Aliyejenga kwa kutegemea foleni alijenga juu ya kitu ambacho serikali mbili zinajitahidi kukiondoa.

Katika mfano wetu, vyumba sita vikibaki vitupu, pango ni Sh51,000. Baada ya kodi na gharama zile zile zinabaki Sh29,675, na pengo la mwezi ni Sh49,775. Kinga mojawapo ni kuchagua wapangaji ambao mishahara yao haitoki mpakani, kama walimu na wauguzi. Nyingine ni akiba ya marejesho ya miezi mitatu, hapa kama Sh238,000, iliyotengwa kabla ya mpangaji wa kwanza kuingia.

Kwa wenye nyumba wa Tanzania, ambako pango la miezi sita au mwaka hulipwa kwa mkupuo, kuna mtego mwingine. Mpangaji akilipa Sh1.2 milioni za mwaka, ni Sh100,000 tu ndizo za mwezi huu. Zilizobaki ni za miezi ijayo, na benki itazidai moja baada ya nyingine. Anayezinunulia mzigo ajue amejikopesha mwenyewe.

Kodi na sheria za ardhi hazifanani

Kodi ya pango inatofautiana kwa kila nchi. Kenya, mkazi anayepata pango la nyumba za makazi la zaidi ya Sh288,000 na lisilozidi Sh15 milioni kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya pango lote tangu Januari 2024, ikiwa imeshuka kutoka asilimia 10. Gharama hazitolewi, wala riba ya benki. Asiye mkazi hukatwa asilimia 30. Uganda, mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya pango linalozidi Sh2,820,000 za Uganda kwa mwaka, nako bila kutoa gharama. Tanzania, mpangaji mfanyabiashara humkata mwenye nyumba mkazi asilimia 10 na kuiwasilisha TRA.

Kwa kuwa kodi hizi za Kenya na Uganda hupigwa juu ya pango na si juu ya faida, mwenye pengo analipa sawa na asiye na deni.

Kuhusu ardhi, Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 iliacha suala hilo chini ya sheria za kila nchi. Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu asiye raia kumiliki kwa muda usiozidi miaka 99, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, ardhi iliyo ndani ya kilomita 25 kutoka mpaka wa nchi kavu inahitaji idhini maalumu kwa mgeni. Tanzania, Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa.

Wanaokwepa hayo huandikisha kiwanja kwa jina la shemeji au rafiki wa upande wa pili. Mbele ya sheria, nyumba hiyo ni ya shemeji. Haiwezi kuwekwa dhamana bila yeye, na akifariki, warithi wake ndio watakaohojiwa.

Kupunguza mkopo, si kuacha kujenga

Benki makini hutazama kinachobaki baada ya gharama na kukigawa kwa rejesho. Kipimo cha kawaida ni kupata 1.25 au zaidi. Msafirishaji wetu, kwa Sh61,125 dhidi ya Sh79,450, anapata 0.77. Kama benki ilimkubalia, ilitazama lori lake, si nyumba yake.

Ili nyumba ijibebe kwa kipimo hicho, rejesho lisizidi Sh48,900, yaani mkopo wa kama Sh2.46 milioni. Au ajenge vyumba sita kwanza kwa Sh3.25 milioni: Sh2.5 milioni zake na mkopo wa Sh750,000. Rejesho ni kama Sh14,900. Vyumba vitano vikilipa, pango ni Sh42,500. Baada ya kodi na gharama za Sh10,000, zinabaki kama Sh29,300, karibu mara mbili ya rejesho. Ziada ya zaidi ya Sh14,000 kila mwezi inaanza kununua mawe ya awamu ya pili.

Atachelewa miaka miwili au mitatu kufikisha vyumba 12. Lakini katika miaka hiyo lori litaendelea kutembea, na kadi yake itakuwa nyumbani, si kwenye kabati la benki.